Kisu Chako Butu

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi
nafagia ua tangu saa kumi na moja,
jogoo wa Mama Isiko hajasafisha koo.
Mwaka huu zamu ni yangu.
Viti nimeazima kanisani, turubai msikitini,
sufuria kubwa kwa mwanamke wa nyumba ya nne
aliyenihesabia mifuniko mara mbili
kana kwamba nina ndugu muuza vyuma.

Mume wangu aliuliza, nani anaoa?
Hakuna.
Nani kafiwa?
Hakuna.
Basi sherehe ya nini?
Nikamwambia, nenda kwa kaka yako Bugembe,
urudi kesho, utakuta mabaki.

Ni sherehe yetu sisi
tulioingia kiwandani mwaka mmoja,
chumba cha kusokota, zamu ya usiku,
pamba ikitujaa kwenye nyusi
tukafanana na bibi zetu hata wachumba hatujapata.
Candiru alinifundisha kuunga uzi uliokatika
bila kusimamisha mashine.
Akello alimnyonyesha mwanangu
juma lile nililolazwa na malaria.
Nekesa alimpiga msimamizi kwa kiatu,
na sote, tulipoitwa ofisini,
hatukuwa tumeona kiatu.

Kiwanda kilifungwa. Geti likaota nyasi.
Sisi tukaendelea kuingia zamu:
ya kuuguza, ya kuzika, ya kuozesha mabinti,
na hii moja ya kula.

Walukuba yote inajua tulikuwa watano.

Nabirye alilipata jina lake nyuma ya mabunda ya pamba,
pacha wawili, saa tisa usiku,
nasi wakunga tusiosomea popote.
Kisha ile cherehani tuliyochangia,
akaiuza bila kusema neno.
Desemba tatu jina lake tumeliruka
kama dimbwi mlangoni.

Sikumwalika.
Nilimwambia tu muuza mkaa,
ambaye mdomo wake hauna mlango,
kwamba mwaka huu matoke ni mengi mno
na wa kumenya ni mmoja.

Saa moja kamili, ndala miguuni,
gomesi yake ndani ya mfuko wa plastiki,
akaketi mkekani bila hodi.
Akachukua kisu. Akajaribu makali kwa kidole gumba.
"Kisu chako butu," akasema.
Miaka mitatu, na hilo ndilo neno la kwanza.
Cherehani ilinipanda hadi kwenye meno.
Nikaenda kukinoa kisu kwenye kizingiti,
nikanoa, nikanoa,
hata ningeweza kuchinja ng'ombe.

Tukamenya mkungu mzima.
Utomvu ukatupaka weusi viganjani.
Aliponipa jani la kufungia
alinipa lililo laini,
lililochanika akalibakiza upande wake.

Wengine wakafika: Candiru na basi la Arua,
samaki mkavu kifuani kama mtoto,
Akello na kopo la simsim,
Nekesa na kuku aliyekuwa bado anabishana.
Wakamwona. Wakasimama.
Nilisikia matoke yakichemka.
Nekesa akavua kiatu, akakiweka juu ya meza
katikati ya sahani safi:
"Haya, leo tunampiga nani?"

Nabirye ndiye aliyecheka wa kwanza,
akacheka hadi akashika mti wa turubai,
turubai likatumwagia maji ya mvua ya jana
vichwani, nywele mpya zote,
na hapo, waheshimiwa, sherehe ikawa imefunguliwa.

Sitasimulia tulivyokula.
Cherehani haikutajwa. Labda mwakani.

Asubuhi mume karudi na njaa yake,
anapekua jikoni,
kisu cha kukatia mkate kiko wapi?
Kimeazimwa.
Na nani?
Nikamwambia, megea mkono.
Najua anapokaa. Jumanne nitakifuata,
nikiwa na mkungu mwingine.